Mwili Kwanza au Nguo Kwanza?

MWALIMU WA UCHORAJI: Anayeanza kujifunza kuchora watu aanze na mwili, au aanze na mtu kama anavyoonekana, amevaa? Mimi nasema aanze na mwili. Wananijia vijana wenye mkono mzuri, mstari wao safi, subira wanayo. Ukitazama mchoro unaona gauni limeshughulikiwa kweli: kila mkunjo umetiwa kivuli, kila ua la kitambaa limefuatwa. Lakini ndani ya gauni hamna mtu. Bega moja limepanda bila sababu, kiuno hakijulikani kilipo, na miguu inayotokea chini ya pindo si ya huyo aliyevaa. Leon Battista Alberti aliandika kuhusu jambo hili huko Italia mwaka 1435: ukitaka kumchora mtu aliyevaa, mchore kwanza mtupu, kisha umvishe, na huyo mtupu umjenge kuanzia mifupa, ufuatishe misuli, umalizie na nyama na ngozi. Sijaona aliyeleta njia ya hakika kuliko hiyo.

FUNDI CHEREHANI: Mwalimu, kwa heshima zote, huyo mtupu binti huyu mwanafunzi wako atamwona wapi? Hapa Tanga watu wake ni mama aliyejifunga kanga, babu wa kanzu, mdogo wake wa sare ya shule, kijana wa bodaboda na jaketi lake. Hao ndio anaowajua, na hao ndio anaotamani kuwachora. Ukimwambia asiguse kanga mpaka amalize mifupa, atakata tamaa kabla hajamchora hata mama yake.

MWALIMU: Mtu mzima ana mifupa 206, na sijamwambia aijue yote. Namtaka aanze na vitu vitatu: kichwa, kifua na nyonga. Kichwa ni yai. Kifua pamoja na mbavu zake ni yai kubwa zaidi. Nyonga ni sanduku. Vitatu hivyo vyenyewe havipindi; kinachopinda ni shingo na kiuno vinavyoviunganisha. Mtu akiinama, akigeuka, akibeba ndoo, jiulize tu kifua kimeelekea wapi na nyonga imeelekea wapi. Hilo likishajibiwa kwenye karatasi kwa mistari michache myepesi, nguo ina pa kukaa.

MCHORAJI WA MABANGO: Nyinyi mnagombea mwili na nguo, na yule mtu ameshaondoka. Mimi nimekula kwa brashi tangu ujana: vinyozi, saluni, migahawa, kuta za shule. Anayeanza namwambia aende stendi, akae penye kivuli na daftari dogo na kalamu ya wino, asibebe ufutio. Mtu akishuka kwenye daladala una nusu dakika. Huna muda wa yai wala wa sanduku. Unavuta mstari mmoja kutoka utosini, upite mgongoni, uishie kwenye mguu uliomshikilia. Mstari huo ndio mtu. Ukibaki na muda ongeza mikono, ukibaki na zaidi ongeza mzigo aliobeba. Kesho yake unarudi. Nguo na mwili vitakuja vyenyewe, lakini mtu aliyechorwa amekufa hafufuki kwa kuongezwa misuli.

MWALIMU: Katika hilo la haraka sina ugomvi nawe, Mzee. Kimon Nicolaides, aliyefundisha New York, aliuweka mchoro wa haraka mwanzoni mwa mafunzo yake, na kitabu chake kilichotoka 1941, baada ya kifo chake, kinatumika mpaka leo. Ila haraka peke yake haimfundishi mtu asichojua kukitafuta. Mpe kijana kazi hiyo kabla hajaelewa uzito unakaaje, atakuletea daftari zima la watu wanaoanguka. Mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande wa mguu huo hupanda, na bega la upande huohuo hushuka. Wagiriki walilijua hilo tangu karne ya 5 kabla ya Kristo. Sanamu za Polykleitos zimesimama hivyo. Waashi wana timazi. Chukua uzi, funga kijiwe, ushike mbele ya jicho lako: ukiushusha kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo, utaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito. Mtu wako akianguka kwenye karatasi, sababu utaipata hapo.

FUNDI CHEREHANI: Hayo ya nyonga kupanda nayaona kila siku, na nayaona kwenye kanga. Tazama. Kanga ni kitambaa cha mstatili, kama sentimita 150 kwa 110, kina pindo pande zote, mji katikati, na jina limeandikwa chini. Pindo lilitoka kiwandani limenyooka. Mwanamke akijifunga, halibaki limenyooka tena. Likipita tumboni linafuata tumbo. Likipita kwenye nyonga iliyopanda, nalo linapanda. Upande alioegemea, kitambaa kinavutika, hakina mkunjo hata mmoja; upande wa pili kinalegea na mikunjo inashuka. Anayelifuata pindo hilo kwa jicho, polepole, kutoka mwanzo hadi linapopotelea nyuma, ameshaupima mwili bila mtu kuvua chochote. Kanga ni futi iliyozungushwa mwilini.

MWALIMU: Mama, wewe ni shahidi wangu, si wa upande wako. Unalisoma pindo hivyo kwa sababu umepima mabega, vifua na nyonga za watu kwa miaka. Mwili unaujua kwa vidole. Mwanafunzi hana vidole hivyo; akiitazama kanga ileile ataona maua na maandishi, na atachora maua na maandishi, bapa, yametazama mbele yote, hata yale yanayozunguka kwenda nyuma ya paja.

FUNDI CHEREHANI: Na mimi nilijifunza wapi? Hakuna aliyenifundisha mifupa. Nilifundishwa kwa nguo iliyokataa kukaa. Shati likivuta kwapani, nguo inanionyesha kwamba bega la mteja liko mbele kuliko nilivyokata. Nguo inasema kabla mwili haujasema, na ndiyo maana nasema aanze hapo.

MWANAFUNZI: Mama, inasemaje? Mimi nikiangalia mikunjo naona vurugu. Nachora wa kwanza, wa pili, nikifika wa tano sijui tena nipo wapi, na mtu akipumua tu yote imebadilika.

FUNDI CHEREHANI: Kwa sababu unaichora bila kuuliza. Kila mkunjo una mahali uliposhikwa. Kabla hujavuta mstari, tafuta pale. Kanzu imeshikwa mabegani peke yake. Kutoka hapo inaanguka wima, mikunjo yake mirefu na michache, na haina habari na kiuno. Anayemchorea mzee wa kanzu kiuno amekosea. Kitambaa kikishikwa mahali pawili na katikati kikaachwa kilegee, kama mtandio unaotoka bega hili kwenda lile, kinabonyea katikati na mikunjo inapangana mmoja chini ya mwingine. Mtu akikunja mkono, kitambaa cha ndani ya kiwiko hakina pa kwenda, kinabanana na kuvunjika huku na huku. Cha nje kinavutika hadi kinakuwa laini. Ukimwona amekunja mikono ya shati, kitambaa kinauzunguka mkono kama anavyouzungushia. Suruali ndefu kuliko mguu inajikusanya juu ya kiatu. Sketi ya marinda inafunguka mtu akipiga hatua na kujifunga akisimama.

Halafu kitambaa si kimoja. Kanga mpya ina wanga, mikunjo yake ina kona kali na inasimama mbali na mwili; ikishafuliwa mara nyingi inalala. Jinzi inatoa mikunjo minene, michache, na ikizoea goti la mtu inabaki na umbo la goti hata imetundikwa. Shifoni inatoa midogo mingi na haikai kimya. Nikiona mchoro ambao jinzi, kanga na shifoni zimekunjwa kwa mstari uleule, najua mchoraji hajagusa kitambaa. Wewe gusa. Kata vipande, vitundike kwenye msumari mmoja, kisha kwenye misumari miwili, kisha juu ya mgongo wa kiti, uvichore. Kitambaa juu ya kiti hakipumui, na hakikudai malipo.

MCHORAJI WA MABANGO: Na Mwalimu anajua kwamba Leonardo alifanya hivyohivyo, ila hasemi.

MWALIMU: Nitasema. Leonardo da Vinci alipokuwa kijana katika karakana ya Verrocchio, Florence, alichora kitambaa peke yake. Mwandishi Vasari ameeleza namna: alifinyanga sanamu ya udongo, akaivika matambara yaliyochovywa kwenye udongo laini ili yagande yasibadilike, kisha akayachora kwa brashi juu ya kitani, nuru na kivuli, kwa uvumilivu mkubwa. Michoro kadhaa ya aina hiyo ipo hadi leo, mingine Louvre, Paris. Lakini hebu mwangalie vizuri huyo unayemtaja. Kabla ya kitambaa, aliweka nini? Umbo la mtu. Goti lilikuwepo chini ya tambara, na ukiutazama mchoro unaliona goti.

FUNDI CHEREHANI: Umbo alilolifinyanga, Mwalimu. Halikuvuliwa nguo na mtu yeyote.

MWANAFUNZI: Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika. Mimi ni mtoto wa kike, nakaa kwa wazazi, na nyumbani kwetu kumchora mtu uchi si jambo la kuzungumza. Si hofu ya wazazi tu. Mimi mwenyewe sitaki. Je, Mwalimu, unaniambia sitaweza kuchora watu?

MWALIMU: La, sikwambii hivyo. Nakwambia kuna ujuzi uliopo upande wa pili wa mlango huo, na lazima tutafute dirisha la kuuonea. Usidhani Ulaya waliupita mlango huo bila ugomvi. Chuo cha Royal Academy cha London kilianzishwa mwaka 1768 na wachoraji wawili wanawake wakiwa miongoni mwa waasisi, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany alipowachora waasisi wakiwa mbele ya mtu wa kuchorwa aliye uchi, wanawake hao wawili hakuwaweka chumbani. Aliwaweka kama picha zilizotundikwa ukutani. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho walisubiri hadi 1893 kuruhusiwa kumchora mwanamume, naye akiwa amefungwa nguo. Huko Philadelphia, Thomas Eakins alilazimishwa kujiuzulu mwaka 1886 kwa kumvua mwanamume kitambaa cha kiunoni mbele ya darasa lenye wanawake.

FUNDI CHEREHANI: Basi unaona kwamba hata kwao haikuwa sharti la lazima.

MWALIMU: Naona kinyume. Wanawake wale waliandika barua za kuomba, tena na tena. Mtu haombi hivyo kitu kisicho na faida. Walijua wenzao wa kiume wanapewa ujuzi ambao wao wananyimwa, na kwamba ndiyo sababu picha kubwa za watu wengi zilibaki kazi ya wanaume huku wao wakiachiwa maua na sura. Binti, nikikwambia huhitaji kuujua mwili, nitakuwa nimekutundika ukutani na mimi.

MWANAFUNZI: Na dirisha liko wapi?

MWALIMU: Nenda pale boti za wavuvi zinapoingia asubuhi. Wanaume wanavuta nyavu wamevaa kaptura, migongo wazi, na hakuna anayeona aibu. Nenda uwanjani ukachore wachezaji. Mkono wako wa kushoto unao saa zote, na mguu wako mwenyewe, na kioo. Mpapase mdogo wako begani umwambie ainue mkono: utasikia mfupa wa bega la nyuma unavyoteleza. Shule nyingi za sekondari zenye maabara ya baiolojia zina kiunzi cha mifupa, au angalau picha yake kubwa. Kichore kutoka mbele, kando na nyuma. Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake cha mwili wa binadamu mwaka 1543, na wachoraji walikitazama kwa vizazi. Hayo yote yanafanyika bila kuvunja heshima ya nyumba yenu.

MCHORAJI WA MABANGO: Sasa umesema wavuvi wenye kaptura, wachezaji wenye jezi. Umekuja kwetu.

MWALIMU: Nimekuja kuchungulia mwili, Mzee. Jezi sikuitazama.

MCHORAJI WA MABANGO: Basi twende Japani. Katsushika Hokusai alianza kutoa vitabu vyake vya michoro mwaka 1814, na wanafunzi waliviiga kama mafunzo. Mle ndani kuna wabeba mizigo, maseremala, wacheza ngoma, watu wanaopigana na upepo. Mikono ya kimono inaruka, na unajua kabisa kiwiko kiko wapi. Wajapani hawakuwa na darasa la Alberti.

MWALIMU: Fungua kurasa zingine za vitabu hivyohivyo. Utakuta wanene wanaooga, wembamba wenye mbavu za kuhesabika, wapiga mieleka wenye kitambaa cha kiunoni tu. Hokusai alikuwa amewatazama watu wasiovaa kwa makini kuliko wengi waliopita vyuoni. Hakuwa na darasa, lakini alikuwa na mwili.

MWANAFUNZI: Na mimi nina simu. Watu wengi tunaoanza tunachora kutoka kwenye picha za simu. Mtu hasogei, na hakuna wa kuombwa ruhusa.

MWALIMU: Kama ni kuiga kazi nzuri, iga. Van Gogh alianza kujifunza kuchora kwa dhati mwaka 1880, ana miaka 27, kwa kunakili kurasa za mafunzo za Charles Bargue. Na mwaka 1890, mwaka aliokufa, alizinakili tena. Kuiga si aibu. Lakini picha ya simu ina tabia zake. Ukimpiga mtu kwa karibu, kilicho mbele kinakua: kichwa kinakuwa kikubwa, miguu inafifia chini. Wewe utachora hivyo ukidhani ndivyo alivyo. Simama mbali, hatua nyingi, lenzi iwe usawa wa kifua chake. Na kivuli kwenye picha mara nyingi ni weusi mtupu, wakati kwa jicho ungeona ndani yake.

MCHORAJI WA MABANGO: Picha inalisha watu. Mteja analeta picha ya mtoto wake, anaitaka ukutani kwa kimo cha mtu. Unapiga miraba juu ya picha, unapiga miraba mikubwa ukutani, unahamisha mraba kwa mraba. Wamisri wa kale walifanya vivyo. Mtu aliyesimama walimpa miraba 18 kutoka wayo hadi nywele zinapoanzia. Kijana akianza na miraba, jioni anaona sura inayofanana, na moyo unampa nguvu ya kurudi kesho. Mwalimu, wewe unawapa mayai na masanduku wiki nzima. Wangapi wanarudi?

MWALIMU: Wanaorudi wanaweza kumchora mtu aliyegeuka. Wa miraba ukimwondolea picha, anakaa mikono mitupu. Mmisri alipiga miraba ili mtu atoke vilevile kila mara, na alifanikiwa kwa miaka elfu kadhaa. Hakutaka mtu anayejigeuza. Unataka nini wewe?

MCHORAJI WA MABANGO: Nataka aanze. Anayeanza anakufa kwa kukosa furaha, hafi kwa kukosa fupanyonga.

FUNDI CHEREHANI: Mimi picha za simu zinaniletea kazi ngumu. Wasichana wanakuja na michoro ya mitindo, mwanamke mrefu, miguu nusu ya ukurasa na zaidi, gauni linaanguka kutoka kiunoni hadi chini kama maji. Nikimpima aliyenishikia mchoro, gauni lile haliwezi kuanguka hivyo kwake, kwa sababu aliyechorwa hayupo duniani. Mwalimu, hesabu za vichwa mnazowafundisha, zinatoka kwa nani?

MWALIMU: Swali la haki. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa kama vichwa 7 na nusu. Vitruvius wa Roma alisema 8, na Leonardo alipomchora mtu wake ndani ya duara na mraba, mnamo 1490, alifuata Vitruvius. Andrew Loomis wa Marekani, kitabu chake cha 1943, naye anafundisha 8, kwa sababu anasema huyo anapendeza. Wachora mitindo wanakwenda 9 na kupita. Ni vipimo vya kuanzia. Vingine vinasaidia zaidi: katikati ya urefu wa mtu mzima ni kinena, si kiuno, na wanaoanza karibu wote hufupisha miguu kwa kulisahau hilo. Kiwiko kiko usawa wa kiuno. Mikono ikinyooshwa kando, kutoka ncha hadi ncha ni karibu sawa na kimo. Macho yako katikati ya kichwa, si juu yake. Na mtoto mchanga ana kama vichwa 4 tu. Ukimpa vichwa vya mtu mzima umemchora mzee mdogo.

FUNDI CHEREHANI: Kwangu hapiti mtu wa vitabu. Anapita mfupi mwenye mabega mapana, mrefu asiye na kiuno, mama wa watoto sita. Kila mmoja nguo inamkalia kivyake. Ukimkaririsha binti vichwa 8 atawachora wote wanawake wa mji huu kwa mwili mmoja, na wao wakijitazama hawatajiona.

MWALIMU: Albrecht Dürer aliwaza hivyo. Kitabu chake cha vipimo vya mwili kilitoka 1528, muda mfupi baada ya kufa kwake, na ndani yake hamna mtu mmoja bora. Mna wanene, wembamba, warefu, wafupi, kila mmoja na hesabu yake. Aliacha kutafuta kipimo kimoja cha uzuri. Lakini angalia: aliacha baada ya kupima. Kipimo ndicho kinachokuonyesha kwamba huyu ni tofauti na yule.

MCHORAJI WA MABANGO: Tumezunguka Italia, Japani, Ujerumani. Turudi nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya hadibodi, hakuna aliyemwuliza vichwa. George Lilanga alichora viumbe vyake vyenye masikio makubwa, wamevaa mashati yenye nakshi bapa, na kazi zake zimetundikwa Ulaya na Marekani. Nakshi ya shati haizunguki popote, imetazama mbele, na shati linapendeza. Kwa nini tumfundishe mtoto kwamba hilo ni kosa?

MWALIMU: Si kosa kwa Lilanga. Lilanga alikuwa mchonga vinyago wa Kimakonde kabla ya kushika brashi. Mtu anayetoa kiumbe ndani ya gogo la mpingo amelizunguka umbo lote kwa patasi. Akiamua kulichora bapa, ameamua. Mwanafunzi wangu anayechora bapa hajaamua chochote, ameshindwa kuligeuza.

MCHORAJI WA MABANGO: Na chuo cha Makerere, Uganda, je? Margaret Trowell alipoanza kufundisha uchoraji pale mwaka 1937, hakuleta mifupa. Aliwasimulia wanafunzi tukio, soko, mavuno, habari za Biblia, nao wakachora walichokiona akilini. Kwake alipita Sam Ntiro wa Kilimanjaro. Alipita Elimo Njau, aliyechora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, Yesu akiwa Mwafrika kati ya watu na vilima vya pale. Wale watu wamevaa, na wanaishi.

MWALIMU: Wanaishi, nakubali, na ukuta ule nauheshimu. Ila Trowell mwenyewe alisoma Slade, London, chuo ambacho kumchora mtu wa mbele yako ndiyo iliyokuwa nguzo yake. Ujuzi ule alikuwa nao mkononi. Alihofia kwamba akiwapa wanafunzi wa hapa watageuka waigaji wa Ulaya, akawahifadhi nao. Hofu hiyo ilikuwa na upendo ndani yake, lakini ni yeye aliyechagua; wao hawakupewa nafasi ya kuupokea kisha waukatae. Cecil Todd alipomrithi mwaka 1958 aliingiza mafunzo ya ufundi kwa utaratibu wa vyuo. Hicho ndicho ninachokipigania. Mpe kijana mwili, kisha auache mwenyewe kama hautaki.

FUNDI CHEREHANI: Na ukimpa mwili kwanza, je, unampa nafasi ya kukataa? Mtu aliyefundishwa miaka miwili kwamba nguo ni kifuniko tu, ataendelea kuiona kifuniko. Mimi naona wachoraji waliosoma: uso umechorwa, mikono imechorwa, kisha nguo imepakwapakwa upesi, kanga haina jina, doti halijulikani ni la aina gani. Kwa mwanamke wa hapa jina la kanga ni neno alilochagua kulivaa siku ile. Ukilipaka ukungu umemfunga mdomo. Hilo halimo kwenye mifupa.

MWALIMU: Hilo sina jibu lake.

MCHORAJI WA MABANGO: Liandike. Mimi kwenye mabango jina la kanga nalichora herufi kwa herufi, na watu wanasimama kulisoma.

MWALIMU: Lakini herufi nazo zinazunguka, Mzee. Neno likipita juu ya paja, herufi za kati ni pana, za pembeni zinabanana zikielekea nyuma, na likikutana na mkunjo, nusu ya herufi inazama ndani. Ukiziandika zote sawasawa umebandika karatasi juu ya mtu. Ili ujue zinabanana wapi, inakupasa ujue paja linageukia wapi. Tumerudi kwangu.

FUNDI CHEREHANI: Au herufi zinazobanana ndizo zinazokuonyesha paja. Tumerudi kwangu.

MWANAFUNZI: Naomba niseme, maana penseli ninayo mimi. Nitaanza na nguo. Mama yangu akisimama jikoni namwona amevaa, na huyo ndiye ninayetaka kumchora. Nitamchora haraka kama Mzee anavyosema, bila ufutio. Kila mkunjo nitauliza umeshikwa wapi, na nisipojua sitauchora. Lakini chini ya kila mchoro nitaandika maneno machache: uzito uko mguu upi, nyonga ipi imepanda, kifua kimeelekea wapi. Nikishindwa kujibu, nitajua sikumwona, nitamchora tena. Asubuhi za Jumamosi nitakwenda kwa wavuvi.

MWALIMU: Bado nasema unaanzia mwisho, na baada ya muda utajikuta unarudi nyuma kutafuta mfupa wa bega. Ukirudi, kitabu cha Loomis kipo, na mlango wangu uko wazi. Kwa sasa niletee michoro ya mama yako kila Ijumaa, yote, pamoja na mibaya, kila mmoja na tarehe yake.